Dada Fortunata, Uliyeachwa Nje ya Kitabu cha Ukoo

Mwaka umetimia leo, dada, tangu asubuhi ile ulipoanguka jikoni kwa madam Anna, kule Mirdif, maji ya chai yakiwa bado hayajachemka. Walisema ni moyo. Ulikuwa na miaka hamsini na mmoja, na Jumapili yake ulikuwa uje kwangu Deira na ile mihogo unayoinunua kwa Wafilipino, unipikie, kisha unigombeze kwa sababu sufuria zangu hazing'ai.

Aliyeshika kalamu ni mimi, Japhet, mdogo wako. Lakini maneno ni yetu sote, watoto wa Mama Rosina. Agneta amenipigia simu kutoka Songea mara tatu wiki hii. "Kaka, usipambe," ananiambia. "Andika tulivyofanya." Basi sipambi. Wengine huandika kumbukumbu kwa machozi. Sisi tunaandika kwa aibu, na atakayesoma atuvumilie.

Ulikuwa mtu wa kuamka kabla ya adhana. Ulikuwa ukipiga pasi huku unaimba sauti ya tatu, hata kama hapakuwa na sauti ya kwanza wala ya pili. Hukuweza kuona kifungo kimelegea kwenye shati la mtu ukanyamaza. Siku madam alipokupeleka kule Hatta kuona bwawa, ulinitumia picha ya ile milima mikavu na ujumbe wa sauti: "Japhet, hii ni milima ya Mbinga iliyovuliwa nguo." Ujumbe huo ninao mpaka leo. Nikiusikiliza nacheka, halafu nakumbuka tulichokutendea, na kicheko kinakatika.

Wasomaji wetu hawakujui, kwa hiyo tuwaambie ulivyoingia nyumbani kwetu. Mama alikuzaa kwao, kwa babu Beda Ndimbo, kabla hajaolewa. Baba yako mzazi hakujulikana, au alijulikana na hakutajwa. Mama alipoolewa na baba yetu, Francis Kinunda, ulikuwa na miaka minne, ukaja umeshika ncha ya khanga yake. Miaka ikapita, nikazaliwa mimi, kisha Agneta. Baba alikulea, akakusomesha, na mbele za watu alikuita binti yangu mkubwa. Lakini mpaka anafariki, jina lake hakukupa. Hatujui kama alikataa au hakuna aliyemkumbusha. Shuleni wakakuandika Fortunata Beda Ndimbo, kama wanavyoandikwa wengi waliozaliwa hivyo: babu anawekwa mahali pa baba. Kwenye karatasi ukawa mdogo wake mama. Kwenye jembe, kwenye maji na kwenye kutubeba mgongoni ulikuwa dada yetu.

Ulifika Dubai mwaka 2009, na miaka mitano baadaye ukanileta na mimi, nikapata kazi ya ulinzi. Wewe ulibahatika kuwa na madam mwenye moyo. Madam Anna Gaudreau ni Mkanada wa upande wa Quebec, wanakosema Kifaransa. Mumewe rubani, siku nyingi yuko angani, na madam alijaza upweke wake kwa kutafuta ukoo wake. Kila Jumatano mchana, nguo zikishakunjwa, alimwaga mezani picha za vitabu vya parokia za zamani na visanduku vya viatu vilivyojaa kadi, kadi moja kwa kila marehemu. Mwanzo ulikuwa ukipita na kitambaa cha vumbi. Baadaye akakuvutia kiti.

Kifaransa hukukijua. Lakini wewe usichana wako uliutumia kusafisha ofisi ya parokia yetu, na ulisema kitabu cha ubatizo ni kitabu cha ubatizo popote duniani: mtoto, baba, mama, wasimamizi, padre. Jumapili ulikuja kwangu na mambo mapya kama mtoto aliyetoka shule. Kwamba kwa watu wa madam, mwanamke habadilishi jina. Anaolewa, anazaa watoto kumi na wawili, anazeeka, na siku ya kuzikwa padre anamwandika kwa jina la kwao.

"Ndiyo maana hawapotezi bibi zao," ulisema. "Sisi tunawapoteza mlangoni kwa bwana harusi."

Ulinifundisha na kanuni yao ya kazi: anza na ndoa. Ubatizo unakupa mtoto na wazazi wake tu, lakini ndoa inakupa watu sita kwa mkupuo, bwana na bibi harusi, na wazazi wao wanne. Nilikuwa nikikusikiliza huku nachezea simu.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyemsumbua madam kwa miaka. Alikuwa na mababu wa jina la Gaudreau mpaka kizazi fulani, halafu njia ikafa. Wewe ndiye uliyeifungua. Uliona kwamba msimamizi wa ubatizo yule yule anatokea kwa watoto wa familia mbili zenye majina tofauti, wa Gaudreau na wa Laneige, ukauliza kama hawa si ndugu. Walikuwa ndugu. Babu yao alikuwa mtoto aliyeokotwa mlangoni pa kanisa siku ya theluji. Padre akamwandika Pierre, wazazi hawajulikani, na watu wakamwita Laneige, yaani Theluji. Familia ya Gaudreau ikamlea. Siku ya ndoa yake akaandikwa majina yote mawili, kwa desturi yao ya zamani: Pierre Laneige, aitwaye Gaudreau. Baadhi ya watoto wake wakafuata jina moja, wengine jingine.

Ulinisimulia kwamba madam alilia, na wewe ukadhani analia kwa kugundua kwamba babu yake hakuwa na baba. Kumbe alilia kwa furaha. Alichukua kadi mpya, akaandika jina hilo kwa wino mweusi, akaliweka juu kabisa ya mti wa ukoo wake.

"Huyu ndiye wa kwanza wetu," alikuambia.

Uliirudia kwangu sentensi hiyo zaidi ya mara moja. Sikujiuliza kwa nini.

Mwaka uliofuata, baba mkubwa Zephania, mkubwa wa ukoo wa Kinunda, akatangaza kwamba ukoo utakutana Mbinga mwezi wa Desemba, na lazima pawe na kitabu. Kazi nikapewa mimi, msomi wa Dubai. Msomi gani! Nilikuja kwako siku ile ile. Na wewe, dada, ukaifanya kazi hiyo kana kwamba umeisubiri tangu ulipoishika ile khanga.

Kila Jumapili baada ya misa ulikaa kwenye kitanda changu cha juu na daftari na simu, ukapigia wazee wa Mbinga, wa Songea, wa Tunduru. Hukuwauliza habari za wanaume kwanza. Uliwauliza, "Babu, mama yako alitoka kwa nani?" Wakacheka, wakakuuliza majina ya wanawake ni ya nini. Ukabembeleza. Wakayatoa. Kuna mzee mmoja alisema hajalitaja jina la mama yake tangu alipomzika, na akalitaja. Ulikwenda likizo, ukakaa siku nne ofisini parokiani na kumbukumbu zile zinazopukutika, ukarudi na vyeti vya ubatizo vyenye muhuri. Kitabu cha Kinunda kina bibi arobaini na watatu wenye majina yao kamili na kwao walikotoka. Kila anayekisoma anakisifia hapo. Ni wewe.

Nilikuwa nimekuandika. Tunataka hilo lijulikane, ingawa halitusafishi. Ukurasa wa kumi na nne, chini ya Francis Kinunda na Rosina Ndimbo, niliweka watoto watatu: Fortunata, Japhet, Agneta. Nikamtumia baba mkubwa kurasa zote azipitie. Akapiga simu nikiwa tayari dukani kwa Azzam, mpiga chapa wa pale Deira.

"Kazi nzuri, mwanangu," alisema. "Ila ukurasa wa kumi na nne una kosa. Yule binti ni wa Ndimbo. Aandikwe kwao. Kitabu hiki ni cha wana wa Kinunda."

"Baba mkubwa, lakini ndiye aliyekusanya..."

"Tumemshukuru. Tukianza kuingiza kila aliyekuja ameshika khanga, kitabu kitajaa. Au wewe unaonaje?"

Nilionaje? Niliona kwamba una haki kuliko mimi. Niliona pia kwamba baba mkubwa ndiye anayegawa mashamba ya kahawa, na ndiye atakayesimama kunisifu mbele ya watu mia mbili. Nikasema, "Ndiyo, baba mkubwa." Nikampigia Agneta. Akasema, "Mmh. Basi usimkasirishe mzee, Fortu ataelewa." Mama hatukumuuliza. Tulijua angesema wewe ni mwanawe uandikwe, na tulijua vile vile kwamba tangu aolewe hajawahi kulisema hilo mbele ya watu wa Kinunda.

Azzam alikuwa na kidole juu ya kitufe, wateja wamejaa nyuma yangu. "Yalla, haraka, rafiki. Nifute au nisifute?"

Nikamwambia afute. Akafuta. "Khalas, tayari," akasema. Hata dakika haikuisha.

Na kwa kuwa niliona haya kuandika shukrani kwako ukurasa wa mwanzo wakati haumo ndani, na hizo nikaziondoa. Hilo baba mkubwa hakuniagiza. Hilo ni langu peke yangu.

Ulikuja Ijumaa kunisaidia kufunga vitabu kwenye maboksi. Sikukuambia kitu. Nilijifanya natafuta gundi. Ulichukua kimoja, ukafuta mikono kwenye gauni kwanza, ukafungua ukurasa wa kumi na nne moja kwa moja, maana wewe uliujua mpangilio wake kuliko mimi. Ukasoma. Ukarudi ukurasa wa mwanzo. Ukaenda wa mwisho. Ukakifunga.

"Karatasi nzuri," ulisema. "Haitachanika upesi."

Kisha ukaendelea kufunga. Mizigo ya ndege ilipozidi, ukatoa nguo zako kwenye sanduku na zile zawadi za watoto wa jirani, ukapakia vitabu. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na sisi tuliofundishwa neno hilo darasani ndio tuliolitenda.

Siku ya mkutano, kila tawi la ukoo liliitwa kwa ukurasa wake, lisimame lipigiwe makofi. Walipoita wa kumi na nne, tulisimama mama, mimi na Agneta. Mama aligeuka nyuma kukutafuta. Ulikuwa na akina mama wa jikoni, umejifunga kitenge, umebeba birika. Mtu akasema picha, picha ipigwe. Uliweka birika chini, ukachukua simu yangu.

"Sogeeni," ulisema. "Japhet, toa mkono mfukoni. Mama, cheka."

Mama hakucheka. Picha hiyo iko ukutani nyumbani, na wageni huuliza mbona mama ana uso ule. Sasa tunawajibu.

Hukutulalamikia hata siku moja. Laiti ungetutukana! Ulirudi Mirdif, ukaendelea kuja Jumapili na mihogo. Mwezi wa pili ukafa.

Nilipofika hospitali, karani wa pale, kijana mpole anayeitwa Waleed, aliniuliza mimi ni nani kwako.

"Ni dada yangu."

Alitazama pasipoti yako, akatazama yangu. Fortunata Beda Ndimbo. Japhet Francis Kinunda. "Baba tofauti, ukoo tofauti," alisema taratibu. "Samahani, mzee. Ili upewe mwili usafirishe, nahitaji karatasi yoyote inayoonyesha ninyi ni ndugu. Unayo?"

Nilikuwa nayo. Kile kitabu nilitembea nacho kwenye begi kila siku, nikiwaonyesha Wakenya kazini kwetu kwamba na sisi tunajua tulikotoka. Nilikitoa. Nikafungua ukurasa wa kumi na nne ili nimwekee mezani, na hapo ndipo nilipousoma kwa macho yako. Francis Kinunda na Rosina Ndimbo. Watoto wawili. Kitabu nilichokitengeneza mimi kilikuwa shahidi kwamba sina dada anayeitwa Fortunata.

Nilikirudisha kwenye begi. Waleed akaniuliza, "Hiyo si karatasi?" Nikamwambia hapana, si kitu. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, na kwa mara ya kwanza tangu utoto nililia mbele ya watu wasionijua.

Madam Anna alikuja jioni ile, amevaa viatu viwili visivyofanana kwa haraka, na faili la kijani mkononi. Lilikuwa lako. Ndani mlikuwa na cheti chako cha ubatizo: Fortunata, mama Rosina wa Beda Ndimbo, baba hajulikani. Na changu, ambacho sikujua kama kipo: Japhet, baba Francis Kinunda, mama Rosina wa Beda Ndimbo. Ulivichukua vyote siku zile nne parokiani. Mama aliandikwa kwa jina la kwao kwenye vyeti vyote viwili, na jina hilo ndilo lililotuunganisha. Waleed aliviweka bega kwa bega, akavisoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa naona," alisema. "Mama mmoja." Akagonga muhuri.

Kwa hiyo, dada, hata safari yako ya kurudi nyumbani uliitengeneza mwenyewe. Tuliokuacha nje ya karatasi tulikupata kwa karatasi zako.

Mwishoni mwa faili kulikuwa na ukurasa ulioukunja mara mbili. Ulikuwa mti wa ukoo uliouchora wewe. Mama yumo. Baba Francis yumo, na pembeni umeandika: aliyenilea. Mimi nimo, Agneta yumo, watoto wetu wote wamo na siku walizozaliwa, hata yule wa Agneta aliyekufa mchanga ambaye kitabu chetu kilimsahau. Vyote kwa wino wa bluu. Jina lako tu ndilo lililoandikwa kwa penseli, tena hafifu: Fortunata Beda Ndimbo, aitwaye Kinunda.

"Nilimuuliza kwa nini penseli," madam Anna aliniambia kwenye gari. "Akasema wino ni wa ukoo. Wakikubali, watauweka wao."

Tulikuzika kwa babu Beda, kwa Ndimbo, ambako walikupokea bila kuuliza karatasi. Baba mkubwa alikuja msibani, akakaa mbali.

Majuto ni mjukuu, na wa kwetu amekuja akatukuta watu wazima wenye akili zetu. Mwezi uliopita nilikwenda likizo. Nilimsomea mama ukurasa wako. Akaomba kalamu. Macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo Agneta alimshika mkono, naye akapita juu ya penseli yako kwa wino, herufi kwa herufi. Alipomaliza alisema, "Ningelisema siku ile ya kwanza, mwanangu angekaa mezani." Na sisi tulikuwa na siku zetu za kusema na hatukusema.

Kisha mimi na Agneta tukatembea nyumba kwa nyumba na kalamu, tukaomba kila mwenye kitabu afungue ukurasa wa kumi na nne. Wengi walifungua. Wachache walitufungia mlango, na hao tutawarudia. Wa mwisho alikuwa baba mkubwa Zephania. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliingia ndani, akakaa huko mpaka tukadhani ametutoroka, akatoka na kitabu chake kimefunguliwa tayari mahali penyewe.

"Andika wewe," aliniambia. "Mimi macho yangu siku hizi hayaoni."

Dada, ulimjua mzee yule. Anasoma gazeti bila miwani.

Hatukuombi utusamehe hapa gazetini, kwa sababu msamaha wako tungeuweka kwenye fremu na kuuonyesha watu, kama tulivyofanya na kitabu. Tunasema tu kwamba tulikosa, na tulijua tunakosa.

Misa ya kukuombea itasomwa parokiani kwetu Mbinga Jumapili hii asubuhi, na hapa Dubai Jumapili hiyo hiyo jioni. Unakumbukwa na mama yako, Rosina Ndimbo; wadogo zako Japhet na Agneta; watoto wetu, unaowajua kwa siku walizozaliwa; wajomba zako wote wa Ndimbo; baba yako mkubwa, Zephania Kinunda, aliyetaka mwenyewe atajwe; na rafiki yako madam Anna Gaudreau wa Mirdif, ambaye amekuandikia kadi, kwa wino mweusi, na kuiweka kwenye sanduku lake pamoja na watu wake.

Fortunata Beda Ndimbo, aitwaye Kinunda, mtoto wa kwanza wa ukurasa wa kumi na nne: hatutakusahau tena.